Muziki Hutuliza, Ila Inategemea Akili Iko Kwenye Kazi Gani

Mwaka 1993 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti mfupi wa Frances Rauscher na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza sonata, yaani kipande cha muziki wa ala, ya Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, kwa dakika 10, kisha wakapewa majaribio ya kupambanua maumbo. Walifanya vizuri kuliko walipokuwa wamekaa kimya, na faida hiyo haikuzidi robo saa. Habari ilipofika mitaani ikawa nyingine kabisa: mchezeshee mtoto Mozart, atakuwa na akili. Mwaka 1998 Gavana Zell Miller wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo. Katika utafiti ule hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja.

Maelezo yenye nguvu zaidi yalikuja mwaka 2001, pale watafiti wa Kanada walipoonyesha kwamba siri haikuwa kwa Mozart. Muziki mchangamfu humchangamsha mtu, na mtu aliyechangamka hufanya majaribio vizuri kidogo. Wasikilizaji walipowekewa wimbo wa polepole wenye huzuni, faida haikuonekana.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mabishano yetu kuhusu muziki bado yanakwenda hivyohivyo. Huyu anasema ni tiba, yule anasema unapumbaza, na hakuna anayeuliza msikilizaji alikuwa anafanya nini wakati huo.

Wanaousifia wana hoja nzito. Mwaka 2011, huko Montreal, Valorie Salimpoor na Robert Zatorre waliwapima watu wakisikiliza nyimbo walizozichagua wenyewe, zile zinazowasisimua mpaka mwili. Ubongo ulitoa dopamini, kemikali ileile inayohusika na raha ya chakula, na ilianza kutoka hata kabla ya kipande kitamu kufika. Kila aliyewahi kusubiri sebene liingie anaijua hali hiyo. Hospitalini nako, uhakiki wa mwaka 2013 wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikuta kwamba kusikiliza muziki kabla ya upasuaji kunaweza kupunguza wasiwasi wa mgonjwa. Wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo, nao husaidiwa na mdundo thabiti kupiga hatua ndefu na zilizo sawa. Haya ni mambo makubwa, na sioni sababu ya kuyabeza.

Sasa mchukue mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa na mtihani, spika masikioni, Bongo Fleva inapiga. Atakwambia bila muziki haelewi kitu. Simkatalii kwamba anajisikia vizuri. Pengine muziki ndio uliomkalisha mezani. Lakini kujisikia vizuri na kushika somo ni mambo mawili. Nick Perham na Joanne Vizard, mwaka 2011, waliwapa watu orodha za herufi wazikumbuke kwa mpangilio wake. Waliosikiliza muziki walioupenda walifanya vibaya kuliko waliokaa kimya, na waliosikiliza muziki wasioupenda vilevile. Mapenzi hayakuwaokoa.

Ukilifikiria, si ajabu. Unaposoma sentensi, maneno yake yanapita kichwani kama sauti ya ndani. Mwimbaji naye analeta maneno yake, kwa lugha unayoielewa, na mara nyingi unayajua kabla hajayatamka. Unafika mwisho wa ukurasa, unagundua ulichoshika ni kiitikio. Hesabu unayoijua tayari, unayoirudia kwa mazoezi, haiumii sana. Mshonaji aliyekwisha kukata kitambaa naye haharibikiwi na redio, na wavuvi wanaovuta jarife kwa wimbo wanavuta pamoja kwa sababu ya wimbo huohuo. Kazi ya mikono iliyozoeleka huukaribisha muziki. Kazi ya maneno mapya hugombana nao.

Upande wa huzuni mambo ni magumu zaidi. Wimbo wa majonzi humfariji mtu aliyeachwa au aliyefiwa, akaona hayuko peke yake. Lakini mwenye tabia ya kuwazawaza jambo lilelile usiku kucha, akiurudia wimbo mmoja, anaweza kuamka na uzito uleule, au mkubwa zaidi. Hapo ningemshauri ajiulize swali dogo wimbo ukiisha: nimepungukiwa na mzigo au nimeuongeza?

Pamoja na hayo, mwanafunzi na aliyeachwa wote wawili wanaweza kuzima. Abiria wa daladala hawezi. Najua utetezi: dereva anasema muziki humwondolea usingizi, na Nairobi vijana huiacha matatu tupu ipite wakisubiri nganya, matatu iliyopambwa yenye muziki unaotikisa. Biashara ni biashara, na kwa wengi safari ile ndiyo burudani ya siku. Hata hivyo sikio lina kikomo chake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa zinashuka hadi 4 kwa wiki nzima. Kijana akipita kiwango hicho haumwi siku hiyo. Usikivu hupungua kidogokidogo, na chembe za sikio zilizokufa hazioti tena.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni konda. Abiria anashuka baada ya nusu saa. Yeye anashinda na spika ile kutwa, siku sita au saba za wiki, na hakuna anayemhesabu katika mjadala huu. Muziki ubaki ndani ya gari, lakini ushushwe hadi mama aliyekaa kiti cha nyuma akisema "konda, nashuka" kwa sauti ya kawaida, asikike.