Uskoti Wametunza Nyumba za Wavuvi, Sisi Tumetunza Magofu

Wageni wanaonitembelea huku Uskoti kutoka nyumbani hutaka kwanza kupelekwa kwenye ngome ya Edinburgh, nami huwapeleka, ingawa naamini kwamba mtu wa Kilwa hana sababu ya kuvuka bahari ili akastaajabie mawe ya kale. Kanisa kuu la St Andrews, ambalo leo ni magofu, liliwekwa wakfu mwaka 1318; msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, msikiti mkuu wa Kisiwani, ulioanza kujengwa katika karne ya 11, ulikuwa umekwisha kupanuliwa. Kwa ukale hatudaiwi kitu.

Tunachodaiwa ni vijiji. Katika pwani ya Fife, mashariki mwa Uskoti, vijiji vya Crail, Anstruther, Pittenweem na St Monans vimefuatana kandokando ya maji, kila kimoja na bandari yake ndogo na nyumba za mawe zilizoezekwa vigae vyekundu, ambavyo hapo awali vililetwa kutoka Uholanzi na nchi jirani zake na majahazi yaliyokuwa yakipeleka huko chumvi na makaa ya mawe. Mtu wa pwani yetu, anayejua jinsi vyombo vya kaure vilivyotufikia kwa pepo za msimu, huielewa historia hiyo bila kufafanuliwa. Nyumba hizo hazikusalimika kwa bahati. Shirika la hiari liitwalo National Trust for Scotland, lililoanzishwa mwaka 1931, lilianza mapema kununua nyumba zilizochakaa za Culross, mji mdogo wa Fife, na mwaka 1960 likaweka utaratibu ambao mimi nauona kuwa wa busara kuliko ngome zote za nchi hii: nyumba ndogo inanunuliwa, inakarabatiwa, kisha inauzwa kwa masharti yanayomzuia kila mmiliki ajaye kuiharibu sura yake, na fedha za mauzo zinakwenda kuokoa nyumba nyingine.

Kwetu, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati inayostahili sifa. Lakini Kilwa Kivinje, mji wa bara ulio jirani, wenye majumba ya wafanyabiashara wa karne ya 19 na boma la Wajerumani, inabomoka huku watu wakiishi ndani yake. Ni kana kwamba nyumba sharti kwanza ihamwe ndipo istahili kutunzwa.

Hata hivyo, sipendi tuwaige Waskoti kwa kila jambo. Jioni ya Januari, ukipita Elie au Crail, madirisha mengi hayana taa, kwa kuwa wenye nyumba wanaishi mijini na huja majira ya joto tu, na vijana waliozaliwa hapo hawamudu bei. Anstruther ina jumba zuri la makumbusho ya uvuvi, lakini ni Pittenweem, jirani yake, ambako bado kuna soko la samaki na mashua zinazoleta kamba na kaa. Kivinje haijapata kuwa na makumbusho ya uvuvi, wala haiyahitaji, maana wavuvi wenyewe wapo, na wachuuzi wanaowasubiri ufukweni wapo pia. Masharti ya Uskoti yalilinda kuta yakamsahau mkazi. Ndiyo maana mwaka 2024 halmashauri ziliruhusiwa kutoza nyumba za pili kodi maradufu, hatua ambayo kwa maoni yangu imechelewa mno.

Kwa hiyo mfuko wa kununua, kukarabati na kuuza nyumba kama ule wa Waskoti ukianzishwa Kivinje, ningependa hati ya mauzo iwe na masharti mawili zaidi: kwamba warithi wa nyumba wapewe nafasi ya kwanza ya kuinunua, kwa mkopo wa muda mrefu, na kwamba atakayeinunua aishi humo mwaka mzima. Anayeona masharti hayo ni makali aende Shela, Lamu, ahesabu nyumba ambazo bado ni za Washela.