Agis IV hakukosea kuhusu ardhi ya Sparta

Wengi wanaosimulia habari za Agis IV, mfalme wa Sparta, mji wa Ugiriki ya kale, aliyenyongwa mwaka 241 KK, humwona kama kijana aliyekurupuka akavuruga mali za watu. Tuhuma hiyo ina ukweli ndani yake, ila haianzii mahali panapostahili, yaani kwenye hesabu ya raia.

Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anataja wanaume wapatao 8,000 katika Sparta ya mwaka 480 KK. Zama za Agis, anasema mwandishi wa wasifu Plutarch, Wasparta hawakuzidi 700, na labda 100 tu kati yao ndio waliokuwa na ardhi. Upungufu huo haukuletwa na vita peke yake. Kila raia alipaswa kuchangia mlo wa pamoja kwa shayiri, divai, jibini na tini. Aliyepoteza shamba alikosa shayiri ya kupeleka, na aliyekosa shayiri alipoteza haki zake za uraia. Aliyeweka shamba rehani alikuwa ameweka na uraia wake, na kila mkopo uliomshinda mtu kulipa uliupunguzia mji askari mmoja.

Ndiyo maana Agis alipendekeza madeni yafutwe na ardhi igawanywe upya, mafungu 4,500 kwa Wasparta na 15,000 kwa wakazi wa miji ya pembeni, akatanguliza mashamba yake mwenyewe pamoja na fedha zake, talanta 600 (talanta ni kipimo cha kale cha fedha). Mfalme mwenzake, Leonidas, alijibu kwamba Lycurgus, mtunga sheria wa Sparta wa kale, hakuwahi kufuta madeni wala kuwapa wageni uraia. Hoja hiyo si ya kubezwa, kwa kuwa mkopeshaji naye alikuwa amefuata sheria. Tena, baada ya baraza la wazee kuukataa muswada kwa tofauti ya kura moja, upande wa Agis uliishia kuwaondoa maefori, wasimamizi watano wa serikali waliochaguliwa kila mwaka, madarakani kwa nguvu, jambo ambalo halina utetezi.

Hata hivyo, kilichoiangusha kazi yake ni mpangilio wa hatua zake. Mjomba wake Agesilaus, mwenye mashamba makubwa na madeni makubwa vilevile, alimshawishi aanze na madeni. Hati zikarundikwa sokoni zikachomwa, wakopeshaji wakaondoka kwa uchungu, naye Agesilaus akasema hajapata kuona moto unaong'aa kuliko ule. Ugawaji wa ardhi ukaahirishwa, Agis akapelekwa vitani, na aliporudi wale wasio na shamba walikuwa bado mikono mitupu. Mwenye ardhi na deni alibaki na ardhi bila deni. Maskini aliyeahidiwa shamba hakupata kitu, na hasira yake ikawarudisha maadui wa mfalme.

Mwaka 227 KK Cleomenes III, mfalme wa Sparta wa baadaye, aliigawa ardhi hiyo kweli, baada ya kuwaua maefori wanne kati ya watano. Damu hiyo siitetei. Lakini alipata askari wa miguu 4,000, katika mji ule ule uliokuwa umebakiwa na raia 700.