Desemba Kiswahili, Januari Kiingereza

Binti wa jirani yangu alikuwa na miezi miwili kidato cha kwanza, shule ya kata, aliponiletea daftari lake la Biolojia, lote kwa Kiingereza. "Shikamoo anko, naomba unisaidie hapa." Mwandiko mzuri ajabu, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Ila maneno yameshikana mahali pasipotakiwa, na mengine yamekatwa katikati. Hakuwa ameandika, alikuwa amechora, kama mtu anavyonakili maua ya kanga. Nikamuuliza somo linahusu nini. Kimya. Nikamwambia ni usanisinuru. Akacheka: "Aah! Hiyo si tulisoma shule ya msingi?" Akanieleza yote, mwanga wa jua, maji, kabonidayoksaidi, mpaka mmea unavyojitengenezea chakula, bila kutazama daftari.

Basi mjadala wa lugha ya kufundishia Tanzania, unaofufuka kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mimi nauona ndani ya daftari lile. Mtoto anajua jambo, shule inamwambia hajui.

Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu, ikapendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari na kukuta wengi hawana lugha ya kutosha kujifunzia chochote. Unaweza kudhani wangeshauri kibadilishwe; wapi, dawa ikawa kuongeza Kiingereza, na fedha za mradi zikatoka Uingereza. Sera ya elimu ya 2014 ikatamka Kiswahili kitumike ngazi zote, na hapo hapo ikaahidi kuimarisha Kiingereza katika kufundishia. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa 2025, limebakiza sekondari kwenye Kiingereza. Miaka zaidi ya 40 tunakwenda mbele na kurudi nyuma.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja nzito, na si haki kuwaita watumwa wa mkoloni. Nyerere mwenyewe alikaririwa akikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Vyuo vikuu vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na ukiomba kazi Nairobi au Kigali hakuna atakayekungoja utafsiri. Rwanda ilikiacha Kifaransa na kuingia Kiingereza 2008 kwa hesabu kama hizo. Lakini hoja inayoniuma zaidi ni ya mama lishe wa mtaani kwetu. Anasema wenye pesa watoto wao wako English medium tangu chekechea. Sekondari za serikali zikiacha Kiingereza, wa kwake, aliyesoma Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, atakipata wapi? Sina jibu jepesi la kumpa, hasa nikikumbuka kwamba baadhi ya wanaokipigia debe Kiswahili kwenye makongamano, asubuhi wanawapandisha wanao kwenye basi la njano.

Ila ukimfuata mama lishe mpaka darasani unakuta hicho Kiingereza anachokipigania hakipo. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili, kisha anatoa mtihani kwa Kiingereza. Simlaumu, angeshikilia Kiingereza dakika 40 nzima, darasa lingekuwa na mtu mmoja, yeye. Naye alipita njia hiyo hiyo. Mtoto anajifunza kukariri sentensi nzima pamoja na makosa yake, na miaka minne baadaye anatoka bila Biolojia na bila Kiingereza. Lugha haiwezi kubebeshwa kila mzigo, maana shule za kata zilijengwa mbiombio, nyingi bila maabara wala walimu wa sayansi wa kutosha. Hata hivyo, watahiniwa zaidi ya nusu walipopata daraja sifuri kidato cha nne mwaka 2012, wangapi kati yao walifeli kusoma swali tu?

Upande wa Kiswahili nao una mahali unapoteleza. Tunasema mtoto afundishwe kwa lugha yake, tukisahau kwamba kwa mtoto wa Kisukuma wa kijijini au wa Kimasai, Kiswahili chenyewe amekikuta shuleni. Na vitabu? Istilahi zipo, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (TATAKI) wamezifanyia kazi miaka mingi, lakini orodha ya maneno siyo kitabu cha Fizikia cha kidato cha tatu chenye mazoezi na michoro. Kitabu hicho lazima mtu alipwe akiandike.

Ninachoshangaa ni kwamba njia ya katikati tunaitumia tayari. Mtihani wa darasa la saba hutungwa kwa lugha mbili: Kayumba wanafanya kwa Kiswahili, English medium kwa Kiingereza, maswali yale yale, na hakuna anayesema viwango vimeshuka. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa sekondari kwa Kiswahili, na ukuta haujaanguka. Kwa nini karatasi ya Biolojia ya kidato cha pili, kisha cha nne, isiwe na swali kwa lugha zote mbili, mtahiniwa ajibu kwa ile anayoiweza? Kiingereza nacho kifundishwe kama somo hasa, na mwalimu aliyesomea kukifundisha. Gharama ya kwanza ingekuwa wino na watafsiri. Mama lishe hatanyang'anywa kitu, na binti wa jirani ataandika usanisinuru.

Najua wapo watakaosema hiyo ni kuahirisha uamuzi. Huenda. Lakini kwa mpango uliopo, mwanzoni mwa 2028 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, kwa sababu elimu ya msingi inapunguzwa mwaka mmoja. Madarasa yatafurika, na sehemu kubwa ya watoto hao watakuwa wamevuka mto huu mwaka mmoja mapema kuliko kaka na dada zao. Huko Dodoma najua wanahesabu madawati.