Hapana ya mgonjwa, hapana ya kalamu

Kijana aliletwa na bajaji kutoka Mbagala, saa tano usiku, mguu umefungwa kanga na kipande cha ubao. Ni dereva wa bodaboda, aligongana na gari dogo. Mfupa wa muundi ulikuwa unachungulia nje. Daktari wa zamu, naye kijana tu, alimuuliza huku akikata suruali kwa mkasi: "Una aleji na dawa yoyote?"

"Hapana, dokta."

Fomu ikapigwa tiki. Ikaagizwa sindano ya jamii ya penisilini.

Nesi aliyekuwa anavuta dawa kwenye bomba ni mama wa siku nyingi kazini, bado kidogo astaafu. Akamuinamia: "Mwanangu, hakuna dawa iliyowahi kukukataa?"

"Ipo, mama. Ile sindano ya makalioni. Nilichomwa nikiwa darasa la tatu, uso ukavimba mpaka macho yakafumba, pumzi ikawa haitoki."

Dawa ikamwagwa, ikatafutwa nyingine.

Kijana hakudanganya mara ya kwanza. Kwa watu wengi hapa mjini aleji ni kupiga chafya kwa vumbi, ni kuwashwa ukila kamba, ni manukato ya dada aliyekaa mbele yako kwenye daladala. Dawa haikupi aleji, dawa inakukataa. Kila aliyelelewa huku anaijua lugha hiyo, akiwemo yule daktari. Fomu yake ndiyo ilikuwa haiijui.

Mimi ni tabibu wa dharura katika hospitali moja ya hapa Dar, sitaitaja, na ni mtetezi wa orodha hakiki, yaani karatasi ya maswali ya kupitia moja moja kabla ya kutenda, au chekilisti kama tunavyoziita zamuni. Habari za marubani na orodha zao za kukagua ndege sizianzi. Kila anayeandika juu ya mambo haya huanzia huko, wakati sisi tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha hakiki ya upasuaji katika hospitali nane za miji minane: London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, New Delhi, Amman, na ya nane ilikuwa Ifakara, Morogoro. Matokeo yakachapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mtu asiniambie basi kwamba karatasi hizi ni mambo ya Wazungu. Ifakara ilikuwemo.

Ila chumba cha upasuaji si mapokezi ya dharura. Kule mgonjwa amelala, wanaoulizana ni wataalamu wenyewe kwa wenyewe: pamba zimehesabiwa? Damu ipo? Mtu anageuza shingo, jibu analiona. Kwetu jibu liko kwa mtu anayelia kwa maumivu, au kwa jirani anayemjua mgonjwa kwa jina la mwanawe tu, au kwa msamaria mwema aliyemuokota barabara ya Kilwa. Huyo wa mwisho, ukigeuka kuchukua glavu tu ameshaondoka, anaogopa habari za polisi na PF3, ile fomu yao ya matibabu. Ameondoka na nusu ya historia. Mgonjwa aligongwa na nini? Alizimia? Alitapika njiani? Ndiyo maana kwenye fomu ninayoitaka mimi swali la kwanza haliendi kwa mgonjwa kabisa. Mwenzako akiwa anashughulika na pumzi na damu, wewe unamuuliza aliyemleta, tena akiwa bado amemshika kwapani.

Mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura, yaliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, yanafundisha mambo sita ya kuuliza: dalili, mzio (ndiyo aleji), dawa anazotumia, maradhi ya nyuma, mlo wa mwisho na tukio lenyewe. Ni mazuri, ni machache, yanakaa kichwani hata saa tisa usiku. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tunayasoma kwa Kiingereza, tunayaandika kwa Kiingereza, na katikati hapo tunamuuliza bibi wa Kigogo kwa Kiswahili cha kutafsiri papo kwa papo, kila mtu na tafsiri yake.

Muulize mzee, "Una ugonjwa wowote sugu?" Atakwambia hana. Muulize, "Kuna dawa unameza kila siku?" Anatoa pakiti mfukoni: ya presha. Kwake presha si ugonjwa, ni presha. Na ukimuuliza hilo la dawa akakujibu hamezi, usifunge ukurasa, kwa sababu bado hujamuuliza kama aliwahi kupewa akaziacha. Wapo wengi walioacha kwa kuwa "nilipima ikawa imeshuka, nikajua nimepona". Huyo ndiye anayeletwa alfajiri mdomo umekwenda upande. Halafu kuna "umekunywa chochote nyumbani kabla ya kuja?", swali ambalo mtu akiulizwa kwa sauti ya kawaida, bila kukunjiwa uso, anataja mizizi aliyochemsha. Akiulizwa kama ametumia dawa za kienyeji, anakana.

Vichomi nalo neno. Mmoja akisema ana vichomi anamaanisha nimonia aliyowahi kuambiwa na daktari, mwingine anamaanisha kitu kinamchoma mbavuni tangu jana. Andika alivyosema, kisha umuombe aonyeshe kwa kidole.

Na saa! Hili linaniudhi kuliko yote, labda kwa sababu na mimi limeshanikuta. Mgonjwa anasema amemeza dawa saa mbili. Ni saa mbili ya usiku, ametoka kula. Anayeandika amechoka, fomu ni ya Kiingereza, anaandika 2:00. Zamu inayopokea asubuhi inasoma kwamba dawa imemezwa saa nane usiku. Pengo la saa sita. Kwa dawa ya sumu kama parasetamoli nyingi aliyomeza mtu aliyekata tamaa, ambayo hatua zake za matibabu zinahesabiwa kwa saa, pengo hilo si dogo. Mlo wa mwisho kabla ya kulazwa usingizi wa upasuaji ni vilevile. Andikeni 20:00, au andikeni "saa mbili usiku" kwa maneno. Vyote viwili vinaingia kwenye kijistari kilekile.

Kuna jambo ambalo chekilisti hailiwezi, nalo nilijifunza kwa uchungu. Binti wa miaka kama ishirini na mitatu, tumbo la chini, anatoka jasho jembamba. Pembeni amekaa mama mkwe, kashika mkoba wake. Niliuliza kuhusu siku zake na mimba, akasema hapana, nikapiga tiki. Swali lilikuwepo kwenye fomu, niliuliza, nilijibiwa, nikaandika, yaani kwa karatasi mimi sikukosea popote. Nusu saa baadaye presha ilishuka ghafla, akapimwa mkojo, akakimbizwa kufanyiwa upasuaji: mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Alipona, namshukuru Mungu. Mume wake alikuwa safarini miezi mitano. Nilitegemea aseme nini mbele ya mama mkwe?

Tangu siku hiyo naandika pembeni nani aliyejibu na nani alikuwepo akisikia. Maneno manne tu: "mwenyewe, mama mkwe yupo." Anayenipokea zamu akiyasoma anajua hapana ile ina uzito gani, na anajua amtume mama mkwe dirishani akalipie kitu. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi nazo huulizwa hivyohivyo, ndugu wakiwa nje.

Mwenzangu mmoja, tabibu hodari kuliko mimi, anasema fomu zinatugeuza makarani: mtu anatazama karatasi badala ya uso wa mgonjwa. Ana haki kidogo. Nimeona wanaojaza visanduku vyote "hapana" mfululizo, mstari mmoja wa kalamu kutoka juu mpaka chini, mgonjwa akiwa hajafumbua hata jicho. Lakini hilo ni kosa la visanduku viwili. Ukimpa mtu ndiyo na hapana peke yake, na hajauliza, ataweka hapana, maana nafasi tupu inaonekana uzembe na msimamizi ataihoji. Mpe cha tatu: sijauliza. Mgonjwa amezimia, ndugu hawajafika, sijauliza. Hiyo ni taarifa kamili na haina aibu. Wa zamu inayofuata ataanzia hapo. Hapana ya uongo humfanya asiulize tena, na ndiyo maana naiogopa kuliko nafasi tupu.

Tiba ya dharura bado changa kwetu. Idara ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na wengi wetu huku pembeni tulijifunzia kazini. Hatujachelewa kuandika maswali yetu kwa lugha yetu.

Fomu ya kitengo chetu ni fotokopi ya fotokopi, upande wa kushoto herufi zimeanza kumezwa. Mwezi uliopita yule nesi alichukua nakala mama, akafuta "aleji" kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "dawa iliyowahi kumkataa". Hakuomba kibali. Mkuu wa kitengo aliiona, akauliza nani kaandika, watu wote tukawa na shughuli. Akaipeleka steshenari ya mtaani, zikatolewa nakala mia mbili.