Kilima ndicho kilichonitia tamaa

Watu wa Unguja wakisikia mtu anataka baskeli ya umeme hucheka. Wasilaumiwe. Kutoka Amani mpaka Darajani ni tambarare, unapiga pedeli huku unazungumza. Mie naitamani, kwani nakaa Wawi na kazi yangu ipo Chake Chake mjini. Vilima vya Pemba si virefu, lakini havishi: umemaliza kimoja, bonde, chengine kinakungoja.

Asubuhi simlalamikii mtu. Tabu ni saa tisa na nusu, kazi zimekwisha, jua kali na tumbo tupu. Kuna kilima kimoja siku hizi nashuka kwenye baskeli yangu ya kawaida naikokota, na watoto wa skuli wananipita kwa miguu wakiniamkia, "Shikamoo." Kuitika huku unahema ni kazi nyengine. Ijumaa ndiyo usiseme. Kanzu mbili zishaliwa na mnyororo, na mke wangu amechoka kushona pindo.

Wanaosema baskeli ya umeme ni ya wavivu nadhani hawajaelewa inavyofanya kazi. Pedeli unapiga mwenyewe, mota inakusaidia tu. Ulaya sheria inataka mota isizidi wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa inaacha kusaidia. Vespa haiwi hiyo.

Na umeme wenyewe ni mdogo. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, kwa hiyo kuijaza haimalizi hata nusu uniti (uniti moja ni wati-saa 1,000) ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Kwa safari yangu fupi ningeichaji mara moja kwa siku kadhaa. Zama zile tukitegemea majenereta ya Wesha nisingethubutu kuandika haya, lakini tangu 2010 tuna waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Umeme unakatika, ndiyo, ila si kwa kiasi cha kunilaza njiani.

Kinachonizuia ni fundi. Wangu anakaa chini ya mwembe na boksi la spana. Spoku, beringi, pancha, hayo anayafanya macho yamefumba. Nilipomtajia betri alinitazama kama nimemtukana. "Hiyo ikifa, babu, usiniletee mie." Ana hoja. Baskeli ya namna hiyo hufika kilo 25, sasa betri ikizima katikati ya kilima nitakuwa nakokota mzigo mzito. Halafu kuna chumvi ya hewa yetu, na mvua za masika ambazo hata taa ya dainamo hazikuiacha salama.

Kwa hiyo nikinunua nataka ya betri inayochomoka, niingie nayo ndani, na ringi na mipira iwe ya saizi tuliyoizoea ili fundi angalau nusu ya kazi aijue. Phoenix yangu, hii baskeli ya sasa, siiuzi. Fundi ameshaniuliza mara mbili nitaipeleka wapi, na nimeona anavyoitazama.