Hoja za Mkaguzi Hufika Ugali Umeshasongwa

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi wa kijamii wa wadi moja huku kwetu magharibi mwa Kenya, kwenye kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Tulikuwa kama watu themanini. Nakala za makadirio zilikuwa nne, nene kama Biblia, na mbili kati yake walikuwa wamezishika maafisa wenyewe. Mama mmoja aliyejifunga leso akainua mkono. Zahanati ya kwao, alisema, ilijengwa mwaka juzi, ikapakwa rangi, ikafunguliwa kwa ngoma na vigelegele, lakini hadi leo haina choo. Alitaka aonyeshwe choo hicho kiko ukurasa gani. Mwakilishi wadi, yaani mjumbe wetu katika bunge la kaunti, akasimama, akamjibu kwa heshima zote: "Mama, hilo ni la ukaguzi. Leo tuko kwa bajeti."

Watu wakacheka, mama akaketi, soda zikagawanywa. Jibu lile halijanitoka akilini kwa sababu, kwa kufuata utaratibu, lilikuwa sahihi. Taabu iko hapo hapo.

Ukisoma sheria utadhani bunge la kaunti ni simba. Kifungu cha 185 cha Katiba ya 2010 kinalipa kazi ya kumulika serikali ya gavana. Kifungu cha 195 kinaziruhusu kamati zake kumwita mtu yeyote, na katika kuwalazimisha mashahidi kufika na kuleta nyaraka zina nguvu kama za Mahakama Kuu. Na fedha zinazomulikwa si za chai. Mgao wa kaunti zote 47 kutoka kwa mapato ya taifa ulikuwa shilingi bilioni 370 mwaka wa fedha wa 2021/22, na kufikia 2025/26 ukawa bilioni 415. Katika ule wa 2021/22 Nakuru ilipata kama bilioni 13, ikizidiwa na Nairobi tu, na Kisumu kama bilioni 8. Mapato yanayokusanywa na kaunti zenyewe, kuanzia ada za soko na maegesho hadi za hospitali, sijayahesabu.

Sasa sikiliza mazungumzo ya kituo chochote cha matatu Nakuru au Kondele kule Kisumu. Wengi watakwambia simba huyo hana meno. Waheshimiwa ni wa gavana, watasema, na kazi ya kuuliza maswali ingeachiwa Seneti tu, ile nyumba ya Bunge la Nairobi inayowakilisha kaunti. Hawaongei ovyo. Fedha zinazoendesha bunge hupitia hazina ya kaunti, ambayo iko mikononi mwa watu wa gavana, kwa hiyo mlinzi anasubiri mshahara wake kutoka kwa yule anayemlinda asiibe. Ndiyo maana mabunge yamepigania kwa muda mrefu yawe na mfuko wao. Halafu kuna murram, yaani barabara za kifusi. Mwakilishi wadi hana trekta wala greda, ila wapiga kura wake humpima kwa barabara. Anayepeleka greda ni waziri wa kaunti, yule yule aliyepaswa kukalishwa mbele ya kamati Jumanne na kuulizwa vocha ziko wapi. Nani atambana mtu Jumanne ambaye Ijumaa atamwomba greda?

Wanaokata tamaa pia hawajasahau Februari 2021. Wawakilishi wadi kote nchini walikuwa wameidhinishiwa ruzuku ya shilingi milioni 2 kila mmoja ya kununua gari, wakati ule ule ambapo mswada wa BBI, uliotaka kubadilisha Katiba, ulikuwa ukiletwa mezani mwao. Siaya ikawa kaunti ya kwanza kuupitisha. Huenda ruzuku na kura havikuhusiana. Lakini mwananchi aliyetazama alijifunza kwamba moyo wa mheshimiwa una bei inayojulikana, na somo la namna hiyo halifutiki kwa semina ya Mombasa.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na naona haupewi haki yake. Nakuru ina wadi 55, Kakamega 60, Kisumu 35. Hakuna seneta atakayejua kalvati ipi ilimwagiwa zege na ipi ilichorwa tu kwenye ripoti. Mwakilishi wadi anajua, kwa sababu hukanyaga hapo akienda mazishini. Gavana akiitwa Nairobi kujibu hoja, huja na mawakili na maboksi ya faili, kamera zinawaka, na swali la choo cha zahanati linamezwa na mabilioni. Mama yule wa leso hana nauli ya kwenda kusikiliza.

Seneti nayo haiko juu ya siasa. Chukua kisa cha Siaya cha Juni 2023. Naibu gavana William Oduol alikuwa amedai hadharani kwamba fedha zinatumiwa vibaya katika serikali ya gavana wake, James Orengo, madai ambayo upande wa gavana uliyapinga. Bunge la kaunti likamgeuzia kibao Oduol mwenyewe, likamshtaki na kupiga kura aondoke. Seneti ikamwokoa. Wa kambi ya kwanza wakashangilia: mnaona, aliyepiga kelele alitimuliwa nyumbani akaokolewa mbali. Wa kambi ya pili wakauliza swali ambalo mimi sijaliona likijibiwa vizuri: Seneti ilipima ushahidi, au ilipima vyama? Kila mtu aliondoka na ushindi wake, na mjadala wa fedha zenyewe ukapoa.

Lakini kuna kisa kingine cha huku kinachonifunza zaidi. Mwaka 2015 Bungoma ilivuma nchi nzima kwa wilibaro kumi zilizonunuliwa kwa shilingi 109,320 kila moja. Wakuu walijitetea kwamba hazikuwa wilibaro za kawaida. Wapi! Kila mwenye shamba na kila fundi wa mjengo anajua bei ya wilibaro, kwa hiyo nchi nzima ikageuka kamati ya hesabu kwa siku moja. Nadhani hapo ndipo uzito wa bunge la karibu ulipo: swali huuma pale muulizaji anapojua bei. Mambo yanayopita kimya ni yale yasiyo na bei sokoni, kama mfumo wa kompyuta wa kukusanya ushuru, ushauri wa kitaalamu, au ziara ya mafunzo ng'ambo. Hayo mwakilishi wadi hayawezi peke yake, na kumcheka kwa kutosoma hesabu ni kumwonea. Anahitaji wachambuzi wa bajeti ndani ya bunge wasiomwogopa yeyote.

Kwa hiyo mimi niko wapi? Naegemea bunge la kaunti, lakini si kwa sababu ya ukaribu peke yake. Naona sote tunagombania mtu wa kuuliza huku swali lenyewe likichelewa, na kuchelewa kwake kumewekwa ndani ya kalenda.

Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana miezi sita kuleta ripoti, yaani hadi mwisho wa Desemba. Bunge likishaipokea lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua, kwa hiyo linaweza kufika mwisho wa Machi likiwa bado ndani ya sheria. Huku upande wa bajeti, serikali ya kaunti huwasilisha waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na bunge lina siku 14 tu za kuupitia. Waraka huo ndio unaoweka kikomo cha kila idara. Makadirio yenyewe huja kufikia Aprili 30, na hapo, kwa kanuni za fedha za kaunti za 2015, bunge haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake.

Panga tarehe hizo moja kando ya nyingine. Katikati ya Machi idara imeshakatiwa fungu la mwaka ujao. Mwisho wa Machi ndipo bunge linaweza kuwa linamaliza kusikia kwamba idara hiyo hiyo haikuweza kuonyesha stakabadhi za malipo ya mwaka uliopita. Mkurugenzi aliyetia sahihi huenda ameshahamishwa. Kamati ya hesabu inaandika mapendekezo, kamati ya bajeti iko chumba cha pili inagawa miradi ya wadi, na "hilo ni la ukaguzi, leo tuko kwa bajeti" si kisingizio cha mwanasiasa mmoja tena. Nyumba yenyewe ilijengwa hivyo.

Na hakuna sheria inayolazimu kungoja Machi. Miezi mitatu ni kikomo tu. Ripoti iliyoingia mwisho wa Desemba inaweza kusikilizwa Januari na kupigiwa kura Februari, kabla ya fungu la idara kufungwa, wakati ambapo bunge bado linaweza kusema: idara ya afya, leta risiti za zahanati kwanza ndipo tuongee kuhusu jengo jipya. Mfuko huru wa bunge utasaidia, nami nauunga mkono, mradi tukumbuke kwamba mabunge ya kaunti nayo yana ripoti zao za Mkaguzi Mkuu, na hoja zao hazisomwi kwa sauti kubwa hivyo. Ila mfuko peke yake utazaa mheshimiwa tajiri zaidi anayeuliza swali lile lile Machi ile ile.

Nilimweleza haya rafiki yangu anayefanya kazi kwenye bunge moja. Akaguna. Januari, akasema, mabunge kwa kawaida huwa mapumzikoni, waheshimiwa wako vijijini wanalipa karo za watu. Nikamkumbusha kwamba kamati zinaweza kuketi wakati wa mapumziko spika akiidhinisha.

"Zinaweza," akasema. "Na huketi sana, zikiwa na bajeti ya nyongeza ya kupitisha."