Bonde la Maji Mjini Unguja Lisimamiwe kwa Majira ya Ndege

Kila masika, maji yanapojaa bondeni Mwanakwerekwe na kuikaribia barabara, mazungumzo yetu huwa yale yale: mtaro upite wapi, kifusi kimwagwe kiasi gani, pampu ziletwe lini. Nakubali kwamba maji yakishaingia ndani ya nyumba ya mtu hakuna la kujadiliwa kabla ya kuyatoa. Hata hivyo, tumezoea kulitazama bonde lenye maji kama kiwanja kilichochelewa kukauka, na ni nadra kujiuliza kama bonde mojawapo katika yale yaliyobaki mjini linaweza kutengwa, likawekewa mipaka na kusimamiwa kwa makusudi kuwa hifadhi ya ndege. Mimi naamini linaweza. Naamini pia kwamba uzio peke yake hautalinda chochote, kwa sababu hifadhi ya namna hii huishi au hufa kwa kalenda yake ya maji na majani.

Visiwa vyetu hupokea wageni kwa zamu mbili. Zamu ya kwanza hutoka kaskazini. Vitwitwi, sululu na jamaa zao huanza kuonekana mwezi wa Agosti, kusi bado ikivuma, huongezeka kuelekea kaskazi, kisha wengi wao huondoka kati ya Machi na Aprili. Miongoni mwao yumo kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, ambaye huzaa kwenye nyanda za baridi za kaskazini mwa Siberia na kusafiri hadi kwenye tope la pwani yetu. Yumo pia yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huchimba mashimo ya kuzalia mchangani kwenye pwani za Uarabuni na Bahari ya Shamu, na ambaye nje ya msimu wa kuzaa huitegemea sana pwani ya Afrika Mashariki.

Zamu ya pili hutoka kusini, nayo husahaulika mara nyingi. Korongo mdogo wa Bukini, yaani Madagaska, huzaa huko kwao na kwenye visiwa vya jirani wakati wa mvua zao, kisha, kati ya Mei na Oktoba, huvuka bahari kuja Afrika Mashariki. Akiwa kwao wakati wa kuzaa huwa mweupe. Huku hufika akiwa na rangi ya kahawia yenye michirizi, na kwa hiyo watu wengi humpita bila kumtambua. Ndege huyu anahesabiwa duniani kuwa yumo hatarini kutoweka, na moja ya sababu ni kupotea kwa vinamasi anavyovitegemea. Wageni wa kaskazini wanapopungua, yeye ndiyo kwanza anafika, na baina ya zamu hizo mbili ndege wakaazi kama kuku-ziwa, kibisi na mnana huutumia wakati wa mvua kujenga matago yao. Hakuna mwezi ambao bonde la maji lililotunzwa vizuri huwa halina kazi.

Hapo ndipo usimamizi unapoingia. Kitwitwi mdogo hutafuta chakula kwenye tope au maji ya kina cha sentimita chache, kwa sababu miguu yake haimruhusu kwenda zaidi. Kibisi huzamia, naye anahitaji kina. Ukiyaacha maji yajae mwaka mzima unamfukuza wa kwanza. Ukiyakausha unamfukuza wa pili. Bonde linahitaji mlango wa maji unaofungwa na kufunguliwa, ili masika yajaze na, kuanzia Agosti, maji yashushwe polepole na kuacha kingo za tope kwa wanaowasili. Matete na mafunjo nayo yakiachwa huziba maji yote ndani ya miaka michache, lakini yakikatwa ovyo mwezi wa Mei hukatwa pamoja na matago. Yakatwe baada ya wakaazi kumaliza kuzaa, tena kwa sehemu, upande mmoja mwaka huu na upande mwingine mwaka ujao. Huko Barnes, magharibi mwa London, hifadhi ya zaidi ya hekta 40 ilifunguliwa mwaka 2000 mahali palipokuwa na mabwawa ya zamani ya maji ya mji, na viwango vya maji vyake hupandishwa na kushushwa kwa kufuata majira. Hatuna haja ya kuiga majengo yao. Kazi ya mlango wa maji na panga inafanyika hapa kwetu kwa mafundi wetu wenyewe.

Najua pingamizi litakalotolewa kwanza katika shehia yoyote ni mbu, na ni pingamizi la haki katika nchi iliyopambana na malaria kwa miaka mingi. Lakini tukumbuke somo la Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, punje nyepesi za plastiki zilimwagwa juu ya maji ya vyoo vya shimo huku wananchi wakipewa dawa ya matende, na mbu walipungua sana, kwa sababu mbu wale wa matende walikuwa wakizaliana vyooni. Mbu wa malaria ana tabia nyingine na hupenda vidimbwi vya muda vilivyo wazi, visivyo na samaki. Bonde lenye maji ya kudumu, samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu na kingo zisizo na makopo na mifuko ni salama zaidi kuliko lilelile likiachwa liwe jaa. Kwa hiyo mitaro inayoingiza maji bondeni iwekewe vizuizi vya taka, na vizuizi hivyo visafishwe kila baada ya mvua kubwa. Bila ya hilo, mengine yote niliyoyasema hayana maana.

Taka ndizo zinazomlisha pia kunguru, aliyeletwa kutoka India katika miaka ya 1890 na ambaye hula mayai na makinda ya ndege wengine. Kumwinda bila ya kuondoa taka ni kazi isiyokwisha.

Tusisahau upande wa bahari. Kwenye mikandaa ya Maruhubi na fukwe zinazoelekea Mtoni, ndege hufuata kupwa na kujaa kuliko wanavyofuata mchana na usiku. Wakati wa bamvua, bahari hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita nne, tope lote hufunikwa, na ndege hulazimika kutafuta mahali pa kusimama kwa saa kadhaa hadi maji yapwe. Bonde tulivu lililo karibu lingewapa mahali hapo. Tulikuwa nalo moja kubwa: mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambao ulifukiwa kidogo kidogo hadi ukaisha katika karne ya 20. Nalitaja kwa majonzi, maana yaliyobaki yanafukiwa kwa njia ileile, gari moja la kifusi baada ya jingine, bila ya mtu kutangaza uamuzi.

Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2015 tunayo, na Jozani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, imekwisha kuonyesha kwamba wananchi wa jirani wakipata sehemu ya mapato ya watalii hushiriki katika ulinzi. Ninachokiomba ni hatua ndogo ya kuanzia, yaani mpaka wa bonde moja upimwe kabla ya masika yajayo na wanafunzi wa chuo kikuu, pamoja na vijana wa shehia husika, waanze kuhesabu ndege. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji hufanyika kila Januari, na inafaa tushiriki. Lakini Januari peke yake itatuonyesha wageni wa kaskazini tu. Yule korongo wa Bukini atakuwa kwao anazaa. Tuhesabu na Julai pia, na ratiba ya mlango wa maji ipangwe kwa hesabu zote mbili.